Istanbul iliyo chini ya Istanbul: mwongozo kamili wa Jumapili moja kwa anayefunga mzigo Laleli

Safari zangu tatu za kwanza Istanbul nilijua mitaa miwili tu: wa kununulia nguo na wa kupeleka belo kwa watu wa kago. Jumapili ilikuwa siku ya kulala, kwa sababu maduka ya jumla ya Laleli hufungwa, na hata lile soko kubwa la Kapalıçarşı hufungwa. Safari ya nne, mvua ya Novemba ilinisukuma nikajikinge ubavuni mwa msikiti mdogo wa matofali mekundu, umekaa juu kama umepandishwa jukwaani, hatua chache kutoka duka ninalochukua magauni. Mzee mmoja aliyekuwa anajikinga pale alinionyesha ardhi kwa kidole, akasema neno moja: bodrum. Nikadhani ananielekeza duka lililo chini. Kumbe ananitajia jina la msikiti, Bodrum Camii, na bodrum kwa Kituruki ni chumba cha chini ya ardhi. Nimepita pale miaka miwili na fuko la sampuli begani, nikikanyaga juu ya jengo la karne ya 5 bila habari.

Tangu siku hiyo Jumapili zangu za Istanbul zina kazi. Huu ndio mzunguko ninaompa kila ninayesafiri naye, hatua kwa hatua. Unaanza na kumalizikia Laleli, na unakwenda kwa miguu, kwa tramu na kwa treni.

Kwanza elewa kwa nini kuna mji chini ya mji

Konstantino, mfalme wa Roma, aliuzindua mji huu kuwa makao yake makuu tarehe 11 Mei 330. Waturuki wa Osmani waliuingia tarehe 29 Mei 1453. Kati ya tarehe hizo mbili, na baada yake, mji umeungua, umetikiswa na matetemeko, umebomolewa na kujengwa tena mara nyingi mno, na kila mara mjenzi mpya alisawazisha kifusi akajenga juu yake. Barabara ikawa inapanda kidogo kidogo. Ghorofa ya chini ya babu ikawa stoo ya mjukuu.

Sababu ya pili ni maji, na hiyo ndiyo itakayokuongoza siku nzima. Mji umezungukwa na bahari pande tatu, lakini ndani ya kuta zake hapakuwa na mto mkubwa wa maji matamu. Maji yalivutwa kwa mifereji kutoka mbali, upande wa magharibi, na adui akiukata mfereji, mji unakufa kwa kiu. Ilitokea: mwaka 626 Waavari waliouzingira mji waliukata, na haukutengenezwa mpaka karne iliyofuata, miaka ya 760. Ndiyo maana walichimba mabirika makubwa ya kuhifadhia maji chini ya nyumba, chini ya viwanja, chini ya makanisa. Majumba ya juu yameanguka. Mabirika yamebaki, kwa kuwa ardhi yenyewe iliyashikilia.

Kwa hiyo usiende kama anayetafuta maghofu hapa na pale. Fuata maji. Anzia pale yalipoingilia mjini, kisha shuka nayo.

Maandalizi ya Jumamosi usiku

Angalia tovuti rasmi za mabirika mawili utakayoingia kwa tiketi, Yerebatan Sarnıcı na Şerefiye Sarnıcı (sarnıç ndiyo birika). Bei hupanda mara kwa mara, sitaki kukutajia ya mwaka niliokwenda ukajikuta pungufu mlangoni. Hayo mawili yako chini ya manispaa ya jiji, kwa hiyo ile kadi ya makumbusho ya serikali haifanyi kazi. Yerebatan pia huwa na tiketi ya jioni, ghali kuliko ya mchana. Mitaani wako wanaouza tiketi za "kupita bila foleni" kwa bei ya juu. Ukifika mlango unapofunguliwa huzihitaji.

Saa zao soma kwa makini: wakiandika 09:00 ni saa tatu yetu asubuhi.

Viatu ndilo jambo nitakalolisisitiza kuliko yote. Ngazi na njia za huko chini zina unyevunyevu mwaka mzima. Vaa raba zenye soli inayoshika, hata kama umependezeshwa na viatu vipya ulivyonunua jana. Beba sweta, maana hata Julai huko chini kuna ubaridi, na simu iliyojaa chaji. Kwa msikiti, mtandio kwa mwanamke na suruali ndefu kwa mwanamume. İstanbulkart, kadi ya nauli, unayo tayari kama umepanda tramu. Kama huna, inauzwa kwenye mashine zilizo vituoni.

Saa moja na nusu asubuhi: Bodrum Camii, uani kwako

Toka hotelini kabla mitaa haijaamka. Laleli ya Jumapili asubuhi ni kimya, vyuma vya milango vimeshushwa, na ndipo unapoona kwamba mtaa una umbo. Nenda Bodrum Camii.

Jengo unaloliona lilikuwa kanisa la Myrelaion, lililojengwa na mfalme Romanos Lekapenos katika karne ya 10 pembeni mwa jumba lake. Alikuta hapo gofu la jengo la mviringo la karne ya 5, kipenyo chake cha nje zaidi ya mita 40, ambalo halikumalizika au lilikwishaharibika. Hakulibomoa. Aliweka nguzo zaidi ya 70 ndani yake, akaliezeka, likawa birika, na juu ya birika akakalisha jumba lake. Kanisa nalo likainuliwa juu ya ghorofa ya chini ili lilingane na jumba. Karibu mwaka 1500 likageuzwa msikiti. Birika lenyewe lilikarabatiwa, na kwa miaka kadhaa liliwekwa maduka ndani. Ukikuta mlango uko wazi, shuka. Ukikuta umefungwa, usigonge wala usimhonge mtu, siku bado ndefu.

Kazi yako kubwa hapa ni kujifunza kusoma ukuta, maana somo hili utalitumia kutwa. Sogea karibu kabisa. Tofali la Warumi wa mashariki, waliotawala hapa kabla ya Waturuki, ni pana na jembamba, kama kigae kuliko tofali letu. Halafu tazama kilichopo kati ya tofali na tofali: chokaa nene, mara nyingi nene kama tofali lenyewe au zaidi. Na rangi yake ni ya waridi. Waridi ile ni vumbi la matofali yaliyopondwa na kuchanganywa na chokaa, mchanganyiko unaokaza hata kwenye unyevu na usiopitisha maji. Sisi wa pwani chokaa tunaijua, babu zetu waliichoma kutoka kwenye matumbawe, na birika la msikiti kila mtu kalitawadhia. Kule Kilwa, kwenye Husuni Kubwa, kuna birika la pembe nane la karne ya 14. Basi usisimame mbele ya ukuta huu kama mgeni.

Tofali jembamba, chokaa nene, waridi. Ukiona alama hizo tatu popote mjini, nyuma ya mgahawa au kwenye maegesho ya magari, umesimama mbele ya mji wa zamani.

Saa mbili: panda mpaka Bozdoğan Kemeri

Vuka barabara ya tramu, panda kaskazini kama dakika kumi na tano mpaka Saraçhane. Huko matao ya mfereji wa maji yanakatiza juu ya Atatürk Bulvarı, na magari yanapita katikati ya miguu yake. Ni kazi ya karne ya 4, enzi ya mfalme Valens. Kipande kilichosimama kina urefu wa mita zaidi ya 900, na pale kilipo juu kabisa kinakaribia mita 29.

Usimalize muda mwingi kwenye picha. Ona tu kwamba mfereji ulikuwa unapita juu ya bonde, kutoka kilima mpaka kilima, ili maji yasipoteze mwinuko. Kutoka hapa yalielekea upande wa Beyazıt, nawe unaelekea huko huko.

Beyazıt: kariri doa moja

Rudi kwenye barabara ya tramu, upande wa Beyazıt. Kando ya njia, watu wanapita bila kugeuka, kuna vipande vya nguzo kubwa za marumaru vimelazwa na kusimamishwa kama vitu vilivyosahauliwa. Ni mabaki ya uwanja wa mfalme Theodosius wa Kwanza, uliozinduliwa mwaka 393. Tazama nakshi yake: nguzo nzima imechongwa madoa yenye umbo la tone, yamepangwa kama macho kwenye manyoya ya tausi. Wengine huyaita machozi. Piga picha, au pitisha macho mpaka ulikariri. Utalikuta tena mahali ambapo hukulitarajia.

Panda tramu ya T1 kituo cha Beyazıt, shuka Sultanahmet. Ni vituo viwili tu. Katikati, kituo cha Çemberlitaş, chungulia dirishani uone nguzo ndefu ya Konstantino iliyofungwa pete za chuma. Chini yake kabisa imemezwa na ardhi.

Saa tatu: Yerebatan

Uwe mlangoni unapofunguliwa. Saa tano hapa hapapitiki.

Mlango wenyewe hautishi. Kibanda tu, ng'ambo ya barabara kutoka Ayasofya, ule msikiti mkubwa uliokuwa kanisa. Unashuka ngazi 52, hewa inabadilika, ubaridi unakupanda miguuni. Kisha ngazi zinaisha na unakuta msitu wa nguzo 336, safu 12 zenye nguzo 28 kila moja, kila nguzo mita 9, zote zimesimama juu ya maji machache yanayozirudisha sura zake kichwa chini. Urefu wa ukumbi ni kama mita 138, upana kama 65. Birika lilijengwa enzi ya mfalme Justinian, baada ya ghasia za Nika za mwaka 532 zilizochoma sehemu kubwa ya mji. Lilichukua maji kama meta za ujazo 80,000.

Sasa fanya hivi. Watu wote watakimbilia mwisho wa ukumbi kupiga picha na Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Kigiriki mwenye nyoka badala ya nywele. Waache. Simama karibu na ngazi dakika tano macho yazoee giza. Sikiliza: tone moja linaanguka mbali, jingine karibu. Halafu tembea kwa kufuata kingo badala ya njia ya kati. Tazama vichwa vya nguzo, utaona havifanani. Vingine vimechongwa majani, vingine ni jiwe tupu. Hizi nguzo nyingi hazikuchongwa kwa ajili ya birika. Zilikusanywa kutoka majengo mengine, mafundi wakazitumia kama sisi tunavyotumia mbao za nyumba iliyobomolewa. Na mahali ambapo jua halikutarajiwa kufika, nani angejali kama hazilingani?

Ndipo utafute lile doa. Kuna nguzo moja yenye matone yaleyale uliyoyaona Beyazıt barabarani, yenye maji yanayoteremka juu ya mchongo, ndiyo maana wanaiita nguzo inayolia. Nilipoiona mara ya kwanza nilirudi kuitazama picha ya simu nikidhani nimechanganyikiwa. Nguzo ya juu na nguzo ya chini, mji mmoja.

Medusa ni vichwa viwili, vimewekwa chini ya nguzo kwenye kona ya kaskazini-magharibi, kimoja kimepinduka, kimoja kimelala ubavu. Wanaotembeza wageni wana hadithi nyingi. Mimi naona fundi alihitaji jiwe la kimo fulani, akaligeuza mpaka likatosha.

Mkono usitoke nje ya uzio. Picha piga bila mwako wa flashi, egemeza simu kwenye uzio isitikisike, na iache ichukue mwanga yenyewe. Utaona pia vyuma vyembamba vinavyounganisha nguzo na nguzo: vimewekwa katika ukarabati uliokamilika 2022, kwa hofu ya tetemeko.

Kabla hujapanda, fikiria jambo hili. Baada ya 1453 wenyeji wapya walipenda maji yanayotembea kuliko yaliyosimama, na taratibu birika likasahaulika. Katika miaka ya 1540 msomi Mfaransa, Pierre Gilles, alikuja kutafuta mabaki ya mji wa kale, akaona watu wa mtaa huu wanateka maji kwa ndoo kupitia matundu ya sakafu za nyumba zao, na wengine wanavua samaki humo humo ndani. Akaingia kwa mashua na mienge. Wenye nyumba walikuwa na bahari ya giza chini ya mikeka yao, na kwao ilikuwa kisima tu.

Uwanja wa mbio, kwa haraka

Ukitoka, tembea mpaka uwanja mrefu wa Sultanahmet, uliokuwa uwanja wa mbio za magari ya farasi. Nguzo ya Misri na nguzo ya nyoka ya shaba, iliyoletwa kutoka Delphi, Ugiriki, zimesimama ndani ya mashimo yenye uzio. Mashimo hayakuchimbwa ili kuzizamisha. Pale zinapokanyaga ndipo ardhi ilipokuwa; wewe ndiye uliye juu. Ni mahali pazuri pa kumwonyesha mtoto jinsi mji unavyoota.

Şerefiye na Binbirdirek

Dakika chache kwa miguu, barabara ya Piyer Loti, kuna Şerefiye. Ni birika la Theodosius wa Pili, karne ya 5, dogo na la kupendeza: nguzo 32 za marumaru ndani ya mita 45 kwa 25. Lilikuwa limefichwa na jengo kubwa juu yake. Jengo lilipobomolewa mwaka 2010 likaonekana, na likafunguliwa kwa wageni 2018. Siku hizi huonyesha picha za mwanga kutani. Wengine hupenda. Mimi hungoja onyesho liishe, taa zitulie, niione lipu ya ukutani ilivyo laini na pembe zilivyozungushwa ili maji yasipate pa kupasulia.

Binbirdirek liko karibu, na maana ya jina lake ni nguzo elfu na moja, ingawa ni 224. Hulikodisha kwa sherehe, hivyo mara nyingine utalikuta limefungwa. Likiwa wazi, tafuta mahali kwenye nguzo ambapo kuna pete ya jiwe: kila nguzo ni mbili zilizobebana. Sakafu unayokanyaga iko juu ya tope la karne nyingi, na pamechimbwa sehemu moja kuonyesha kina cha kweli.

Hapa nakuonya. Eneo hili lina maduka na hoteli zenye mabirika madogo kwenye vyumba vya chini, na kijana atakukaribisha kwa Kiswahili cha kubahatisha uende "kuona tu". Birika huwa la kweli. Lakini mimi nililiona kwa dakika mbili, nikanyweshwa chai na kuonyeshwa mazulia kwa saa moja na nusu, na nilipokataa kununua sura zikabadilika. Ukienda, sema kabla hujashuka kwamba hununui.

Alasiri: teremka mpaka bandarini

Rudi Sultanahmet, panda tramu mpaka Sirkeci, kisha ingia kituo cha Marmaray, treni ipitayo chini ya ardhi. Ngazi za umeme zinashuka, zinashuka tena, mpaka unasahau kuna jua. Panda treni ya kwenda Halkalı, shuka kituo kinachofuata, Yenikapı.

Usitarajie kuona gofu hapa. Kuna kituo kikubwa na watu wanaokimbilia treni. Lakini walipoanza kuchimba ili wakijenge, mwaka 2004, walikuta bandari ya Theodosius, iliyojaa tope la kijito mpaka bahari ikasogea mbali. Ndani ya tope zilikuwamo meli 37, mbao zake zimehifadhika kwa kukosa hewa. Chini ya bandari wakakuta nyayo za watu waliotembea pale miaka kama 8,000 iliyopita. Treni ilisubiri; reli haikufunguliwa mpaka tarehe 29 Oktoba 2013.

Meli moja waliyoipa namba YK 12 ndiyo inayonikaa moyoni. Ilikuwa chombo kidogo cha biashara, shehena yake ya mitungi ikiwa bado ndani. Kwenye sehemu ya nahodha kulikuwa na jiko lake la mkaa, vyombo vyake, na kikapu chenye kokwa za cheri. Mfanyabiashara mwenzetu, kabeba mzigo wa watu, na matunda ya njiani. Msimu wa cheri dhoruba ikamkuta bandarini, pengine mzigo haujashushwa.

Kutoka kituoni panda mlima taratibu kuelekea Aksaray na Laleli, kama dakika kumi na tano au ishirini.

Usichobeba na usikoingia

Usiingie shimo, handaki au jumba bovu lisilo na mlango rasmi, hata mwenyeji akikuhakikishia. Kuta hizi zimestahimili kwa sababu zimeachwa zitulie.

Na usiokote. Kigae cha chungu, kipande cha marumaru, tofali, chochote. Sheria ya Uturuki namba 2863 ya mwaka 1983 inayafanya mabaki ya kale kuwa mali ya taifa, na kuyatoa nje ya nchi ni kosa la jela. Utafuatwa na mtu mwenye sarafu "za Kirumi" mfukoni. Zikiwa bandia umeibiwa, zikiwa za kweli umejitia matatani, na begi lako la Dar litapita kwenye mashine uwanja wa ndege. Wala usimruhusu mwenzako aziingize ndani ya belo lako la nguo.

Ukirudi hotelini fua soli za viatu, tope la kule chini likikauka ni gumu kutoka. Jumatatu maduka yanafunguliwa kama saa tatu. Ukipita Bodrum Camii na fuko lako, chungulia tena ule mlango wa chini, siku za kazi nimewahi kuukuta wazi.